Mwongozo kwa Helikesi Aliyepangiwa Kazi West Nile

Hongera. Umetoka kwenye ribosomu sasa hivi, bado wa moto, na barua ya kupangiwa kazi inasema: seli B, tezi ya shingo, mtoto wa miaka sita, Koboko, West Nile, Uganda. Usinung'unike, wala usianze kutafuta mtu wa kukuhamishia Kampala. Wenzako wamepelekwa kwenye ngozi ya kisigino, ambako watafumua DNA siku mbili tatu, kisha seli yao ipande juu, ife, isuguliwe kwa jiwe bafuni. Wewe umepata kituo chenye historia. Habari ya malaria ya huko tutaizungumza baadaye. Barua za kupangiwa kazi huwa hazitaji mambo hayo.

Tuelewane kwanza kuhusu cheo chako, maana hapo ndipo helikesi wengi huvunjika moyo. Kazi ya kunakili DNA ina bwana mkubwa, naye ni polimerasi. Yeye ndiye anayeandika herufi mpya, yeye ndiye anayechorwa vitabuni kwa rangi nzuri. Wewe ni wa kufungua njia tu. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, ina jozi za herufi zaidi ya bilioni 6, na nyuzi zake mbili zimezungukana mara moja kwa kila jozi kumi hivi. Zikiwa zimezungukana hivyo, polimerasi hana anachoweza kunakili. Lazima atangulie mtu wa kuzitenganisha, herufi kwa herufi, akichoma ATP kila hatua. Mtu huyo ni wewe. Watson na Crick walitangaza umbo la nyuzi mbili mwaka 1953, dunia ikashangilia, na mtenganishaji wa nyuzi hizo hakutambulika mpaka mwaka 1976, pale Abdel-Monem na Hoffmann-Berling, wakiwa Heidelberg, walipomkamata mmoja ndani ya bakteria. Miaka 23 bila kutambuliwa. Zoea.

Tena wewe si mtu mmoja. Ni pete ya protini sita, MCM2 mpaka MCM7, na hata mkiwa sita hamtoki mlipo mpaka waje Cdc45 na GINS wawashike mkono. Kwa hiyo mambo ya kujisifu peke yako uyaache kwenye ribosomu.

Wahi kazini, kisha usifanye kitu

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowashinda vijana. Fika mapema, kabla seli haijaanza kunakili. Utakuta ORC amekaa kwenye DNA, akisaidiwa na Cdc6 na Cdt1. Watakufungua, watakuvisha kwenye nyuzi zote mbili kwa pamoja, kisha watakufunga. Watamleta na mwenzako, mtazamane uso kwa uso. Halafu mtangoja.

Msiguse chochote. Mtaona helikesi wengine wakivishwa kulia na kushoto, wengi mno kupita mahitaji, na mtajiuliza bajeti hii nani aliipitisha. Jibu ni kwamba wengi wenu hamtaitwa kabisa. Mtakaa hapo hadi kazi iishe, mnakili atapita juu yenu, mtaondolewa, mwisho. Mtumishi yeyote wa serikali akisoma aya hii hataona cha ajabu. Lakini seli ina akili: wale wanaokaa bure ni akiba. Jirani akikwama kwenye DNA iliyoharibika, wa akiba huamshwa wakaanzie pale kati, na kipande kile kikanakiliwa kutoka upande wa pili. Mahali ambapo akiba hiyo imepunguzwa, kromosomu huanza kukatika.

Amri ya kuanza hutolewa na kinasi wawili, CDK na DDK. Wakija, pete yako hufunguka kidogo, uzi mmoja unasukumwa nje, unabaki umeukumbatia mmoja. Wewe na mwenzako mnapishana, kila mtu anashika njia yake. Na dakika hiyo hiyo mlango wa ajira unafungwa: protini iitwayo jeminini humkaba Cdt1, hakuna helikesi mpya atakayevishwa mpaka seli igawanyike.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu kila herufi inatakiwa inakiliwe mara moja tu. Si mara moja na nusu, si mara mbili kwa ajili ya rafiki. Helikesi wakivishwa upya katikati ya kazi, kipande kile kile kitaanza kufumuliwa tena, wa nyuma atawafikia wa mbele, na mahali watakapogongana DNA itakatika. Kuna ofisi nyingi ambamo fomu moja inapigwa muhuri mara tatu na hakuna anayekufa. Seli si mojawapo ya ofisi hizo.

Usimwache mwenye kalamu nyuma

Sasa unafumua. Mwendo wako ni herufi elfu moja mpaka tatu kwa dakika. Binamu yako wa kwenye bakteria hukimbia karibu elfu moja kwa sekunde, na atakucheka. Mwache acheke, yeye ana kromosomu moja na pa kuanzia pamoja. Nyinyi mnaanza sehemu makumi ya maelfu kwa zamu, na kazi nzima huisha kwa saa nane hivi, mtoto akiwa shuleni, au analala, au anamaliza sahani ya enyasa ambayo ndiyo inayokupa hiyo ATP.

Kuna tatizo ambalo utaliona mapema. Umewahi kumwona msusi wa Arua akifumua kichwa cha mtu mwenye haraka? Anayevuta uzi kwa nguvu kutoka katikati hufungua pale anaposhika, huku mbele msuko unakaza mpaka unakuwa kamba. DNA ni vivyo hivyo. Kila unapotenganisha mizunguko kumi, mizunguko hiyo haipotei, inasukumwa mbele yako. Usipambane nayo. Mbele yako yupo topoisomerasi, ambaye hukata uzi, huuacha ujizungushe, kisha huuunga palepale. Huyo ni mtu wa kuheshimiwa, maana ndiye pekee mwenye kibali cha kukata na ambaye kweli huunga alichokata.

Nyuma yako nyuzi zinabaki uchi. RPA atakuja kuzifunika. Hapa kuna kosa la kiungwana ambalo helikesi hodari hulifanya: polimerasi amekwama kwenye herufi iliyoungua, wewe hujageuka kuangalia, umeendelea na safari kama basi lililoacha abiria Karuma. Uzi ulio wazi unarefuka. RPA wanamalizika. Kinasi aitwaye ATR anapiga kengele, seli nzima inasimamishwa, na kila mtu anataka kujua ni nani. Uzi ulio uchi ni hatari kuliko unavyofikiri, na katika kituo chako ni hatari zaidi, kwa sababu kuna mkaazi mmoja wa hapo anayeng'ata nyuzi za namna hiyo tu. Tunamfikia.

Salamu kwa ukoo

Utakutana na ndugu zako, na si vizuri kuwapita bila salamu. Ukoo wa RecQ una watu watano kwa binadamu. BLM kazi yake ni kufungua mafundo pale nakala mbili zilipong'ang'aniana. Asipokuwapo, mtoto huzaliwa mdogo, jua humchoma usoni, na saratani humjia mapema. Daktari David Bloom aliwaeleza watoto hao mwaka 1954. WRN asipokuwapo, mtu wa miaka thelathini na kitu huwa na mvi na mtoto wa jicho kama babu yake, jambo ambalo Otto Werner aliliandika mwaka 1904, wakati hakuna aliyejua kwamba helikesi wapo. Nje ya ukoo huo, XPD hufungua DNA iliyochomwa na jua ili mafundi wa kukarabati waione. Ukifikiria jua la Arua la mwezi wa pili, utaelewa kwa nini hapewi likizo. RTEL1 hutunza ncha za kromosomu. Ni watu wa maana wote, na ukitaka kujua umaana wa mtu hao wanakupa kipimo kikatili: ondoa mmoja, uangalie ugonjwa unaotokea.

Ndugu mmoja wa mbali usimkaribishe chai. Mwaka 1937, kwenye damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, watafiti wa homa ya manjano walipata kirusi kipya. Wakakipa jina la wilaya ya wakati huo, West Nile, na tangu hapo kirusi kimelibeba jina hilo duniani kote bila wilaya kulipwa hata shilingi ya matangazo. Mwaka 1999 kirusi hicho kikatua New York na kuua watu, na Wamarekani wengi wakajifunza kwamba kuna mahali panaitwa West Nile, ingawa si wengi waliotaka kujua zaidi. Kirusi hicho kina helikesi wake, amejificha ndani ya protini iitwayo NS3, na hufungua RNA badala ya DNA. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye helikesi wa kwanza wa eneo hili kupata jina.

Mpangaji asiyelipa

Sasa mazingira ya kazi. Seli B uliyopangiwa haiishi peke yake. Ndani ya kiini chake kuna mpangaji, kirusi cha Epstein-Barr. Amekaa kama kiduara cha DNA, hajajiunga na kromosomu, hana kelele. Karibu kila mtoto wa huku humpata kwa mate kabla hajafika darasa la kwanza, na watu wazima wengi sana duniani wanaye mpaka wanakufa bila kujua.

Mpangaji huyu anaye helikesi wake mwenyewe, lakini amemweka kabatini. Humtoa siku anapotaka kufanya fujo, kujizalisha kwa maelfu na kuiua seli. Siku za kawaida anatumia wewe. Protini yake EBNA1 hushika kiduara, humwita ORC wa seli, ORC hukuvisha wewe, na unakinakili kirusi mara moja kwa kila mzunguko wa seli, kwa adabu zote, kama unavyofanya kwa DNA ya mwenye nyumba. Fuata utaratibu: jaza fomu, nakili, usiulize. Mwongozo huu hauna sehemu inayokuruhusu kumbagua mteja, na mpangaji analijua hilo vizuri.

Nani alimgundua? Hapo ndipo sifa ya kituo chako ilipo. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye saratani iliyovimbisha taya pande zote. Akaanza kuuliza watoto wengine wako wapi. Mwishoni mwa mwaka 1961 alifunga safari ya maili 10,000 kwa gari, kuteremka mpaka kusini mwa Afrika, na mmoja wa wawili aliosafiri nao alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva, kusini kidogo ya Arua. Waliuliza hospitali baada ya hospitali: mnaiona taya hii? Ramani ikajitokeza: ugonjwa uko mahali pa joto na mvua, nyanda za baridi hauko, na Zanzibar na Pemba, ambako dawa ya mbu ilikuwa imepulizwa kwa bidii, ulikuwa nadra. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, London, wakakiona kirusi kwenye seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.

Kisha watafiti wakaja West Nile yenyewe, kuanzia mwaka 1972: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya hiyo, likaigandisha, likangoja kuona nani ataugua. Fikiria ulikuwa wakati gani. Idi Amin, anayehesabiwa mwana wa Koboko, yuko Kampala anafukuza watu, dukani sabuni hakuna, na huku vijijini kuna watu wenye friji wanatoa damu mtoto kwa mtoto. Majibu yalitoka mwaka 1978: watoto waliougua, damu yao ilikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi kile miezi na miaka kabla taya haijavimba. Wilaya ilitoa ushahidi ambao hakuna mahali pengine duniani palikuwa na subira ya kuutoa. Helikesi walionakili seli za watoto wale 42,000 mara elfu hawakutajwa kwenye shukrani.

Jinsi ya kuharibu kila kitu kwa mkato mmoja

Hii ni sehemu ambayo wengi mtairukia, kwa hiyo nimeiandika vizuri.

Kwanza tafuta malaria, na isiwe ya msimu. Iwe ile ya mwaka mzima, ya mbu wanaozaliwa baada ya kila mvua. Falciparum huzifanya seli B zigawanyike kwa wingi ndani ya tezi, na humwamsha yule mkaazi niliyekuahidi, kimeng'enya AID. AID ana kazi halali. Seli B inapojifunza kumtambua adui, huhitaji kubadili jeni za kingamwili, na AID ndiye anayezing'ata ili zikatwe na kuungwa upya. Hung'ata uzi mmoja ulio wazi tu. Ndiyo, umesoma vizuri: seli hii imeajiri mtu wa kuharibu DNA yake, kwa makusudi, kwa faida ya mtoto. Ni seli chache mwilini zenye utaratibu wa hatari namna hii, na mimi kwa upande wangu naona ni ajabu kwamba watoto wengi hivyo wanatoka salama.

Pili, mwache AID akosee anwani. Badala ya kukata jeni za kingamwili kwenye kromosomu ya 14 peke yake, akate pia karibu na jeni MYC kwenye kromosomu ya 8. Sasa zipo ncha nne zinazoelea.

Tatu, ziungwe vibaya. Kipande cha 8 kiende kwa 14. MYC, ambayo kawaida huwashwa kwa kiasi na kuzimwa, sasa imelala karibu na swichi ya kingamwili ambayo seli B haizimi kamwe. Mwaka ule ule wa 1976 alipotambuliwa helikesi, Lore Zech na wenzake huko Stockholm waliona kwa darubini kwamba kipande cha ziada kinachoonekana kwenye 14 ya uvimbe huu kimetoka kwa 8. Mwaka 1982 ikajulikana kuwa kilichobebwa ni MYC.

Nne, seli isijiue. Seli yenye heshima ikiona MYC imeachwa wazi namna hiyo hujimaliza. Mpangaji wetu, yule mkimya, huisaidia isijimalize.

Matokeo kwako, ndugu helikesi, ni kazi bila kulala. MYC inaamuru sehemu nyingi zaidi zianze kunakiliwa, DNA inaumia njiani, na seli inagawanyika kila siku moja au mbili. Utafumua mita 2 zile zile, kwa uaminifu ule ule, hutakosea hata kitu kimoja ulichofundishwa, na kila nakala sahihi utakayoitoa itakuwa na ule muungo mbovu ndani yake. Polimerasi hali hii haimsumbui. Wewe nadhani itakusumbua.

Nje, mama ataona jambo dogo. Mtoto wa miaka sita kung'oka meno ya mbele si habari. Lakini gego la nyuma linacheza, hakuna lililooza, na shavu upande huo limejaa. Atauliza jirani, atauliza dukani, atapewa dawa ya jino. Hospitali ya saratani iliyozaliwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa iko Mulago tangu mwaka 1967, zaidi ya kilomita 500 kutoka Koboko. Uvimbe hujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili. Nauli haifanyi hivyo.

Ukikuta fundo

Tuseme nauli imepatikana. Mtoto amefika, amepimwa, na kwenye mshipa wake imeingia siklofosfamidi, dawa ambayo tangu miaka ya 1960 imeyeyusha mataya ya namna hii, wakati mwingine kwa dozi chache tu, mpaka madaktari wenyewe wakapigwa na butwaa. Hapa mwongozo huu unageuka, na nakuomba usome polepole.

Dawa hiyo ikifika kwenye DNA, hufunga uzi mmoja na wa pili kwa kiungo kigumu. Si msuko tena, nyuzi zimeshonwa. Utakuwa unafumua kwa mwendo wako wa kawaida, ghafla pete inagonga na haiendi. Yote uliyofundishwa yatakuambia tafuta msaada. Mwite ATR. Amsha akiba. Mwite FANCJ, ndugu yako helikesi ambaye kazi yake ni kusaidia kukarabati viungo kama hivi, na ambaye katika seli ya uboho inayojitahidi kubaki hai unapaswa kumwita mara moja, bila aibu.

Katika seli hii usimwite. Kaa hapo ulipokwama. Usijaze ripoti, usitafute njia ya kuzunguka, usiwe hodari. Jirani zako nao wamekwama, na wa akiba wakiamshwa watakwama hatua chache mbele. Seli itahesabu nyuzi zilizo wazi, itaona haiwezi kugawanyika, na safari hii mpangaji hataweza kuibembeleza.

Hakutakuwa na cheti cha utumishi bora. Wiki ijayo gego litakaza.